Prodyuza wa filamu anafanya kazi gani hasa? Tumfuate Ed Guiney wa Ireland

Kila mwaka Tuzo za Oscar zikimalizika, swali ni lile lile. Mwigizaji bora tunamjua, mwongozaji bora tunamjua, lakini ikifika tuzo kubwa kuliko zote, ile ya Filamu Bora, wanapanda jukwaani watu ambao wengi wetu hatujawahi kuziona sura zao. Mitandaoni watu wanaulizana: hawa ni akina nani, na mbona tuzo hawapewi waliocheza? Jibu lenyewe ni fupi. Filamu Bora ni tuzo ya watayarishaji, yaani maprodyuza. Majina yao ndiyo yanayoandikwa kwenye orodha ya wanaowania, na wao ndio wanaoondoka na sanamu.

Ila jibu hilo linaacha swali gumu zaidi: wanafanya nini hasa hadi wapewe heshima hiyo? Kwetu Afrika Mashariki kuna utata wa ziada, kwa sababu ukisema prodyuza, kijana atamfikiria yule wa studio anayetengeneza biti na kurekodi sauti. Prodyuza wa filamu ana kazi nyingine kabisa, na njia nzuri ya kuielewa ni kumfuata mmoja hatua kwa hatua. Nimemchagua Ed Guiney wa Dublin. Anatoka nchi ndogo yenye watu milioni tano na ushei, sura yake haijulikani na wengi, na kufikia 2024 alikuwa ameshawania Oscar ya Filamu Bora mara tatu: kwa Room, The Favourite na Poor Things.

Tuyaweke sawa majina ya vyeo kwanza. Mwongozaji ndiye anayesimama nyuma ya kamera na kuamua mwigizaji aseme vipi, kamera ikae wapi, tukio liende kasi gani. Mtayarishaji ndiye anayeifanya filamu iwepo: anatafuta hadithi, anapata haki zake, anakusanya fedha, anaajiri watu akiwemo mwongozaji mwenyewe mara nyingi, anasimamia bajeti, kisha anahakikisha kazi inawafikia watazamaji. Mtayarishaji mtendaji ni cheo kinachowachanganya wengi, kwa sababu kinasikika kikubwa kuliko cha mtayarishaji. Kwenye sinema za Ulaya na Marekani mara nyingi ni mtu aliyeleta fedha au jina kubwa, na huenda hakukanyaga eneo la kupigia picha. Kwenye tamthilia za televisheni za Marekani mambo hugeuka: huko mtayarishaji mtendaji anaweza kuwa mwandishi mkuu na bosi wa kila kitu.

Fikiria mwenyekiti wa kamati ya harusi. Hela si zake. Anazunguka na orodha ya ahadi, anawakumbusha waliosahau, anakubaliana bei na mwenye ukumbi, anamtafuta mpishi, mshereheshaji na mpiga picha, na siku yenyewe chakula kikipungua yeye ndiye anayetafutwa. Wageni wanarudi nyumbani wakiwasifia maharusi, na ndivyo inavyopasa kuwa. Mtayarishaji wa filamu anafanya hivyo hivyo, ila "harusi" yake inaweza kuchukua miaka kumi, na waliochangia wanataka hela zao zirudi.

Hapo tumeshaufikia uongo wa kwanza unaosambaa kuhusu kazi hii: kwamba prodyuza ni tajiri anayetoa fedha mfukoni. Wapo wachache wa aina hiyo. Guiney hakuanza hivyo. Alisoma Chuo cha Trinity, Dublin, na hapo ndipo yeye na mwanafunzi mwenzake Lenny Abrahamson walipoanzisha chama cha wanafunzi cha kutengeneza video. Abrahamson alikuja kuwa mwongozaji, Guiney mtayarishaji. Moja ya filamu zake za mwanzo za urefu kamili, Ailsa ya 1994 iliyoongozwa na Paddy Breathnach, ilipata tuzo kwenye tamasha la San Sebastián nchini Hispania. Mwaka 2001 Guiney na Andrew Lowe wakaanzisha kampuni ya Element Pictures.

Inafaa kuangalia Ireland ya wakati ule, maana bila hiyo hadithi yake haieleweki. Serikali iliunda Bodi ya Filamu kwa sheria ya 1980, ikaja kuisimamisha 1987 wakati uchumi ulipobana. Halafu mambo mawili yakatokea. Mwaka 1990 filamu ya My Left Foot, iliyotayarishwa na Noel Pearson, ilimpa Daniel Day-Lewis na Brenda Fricker tuzo za Oscar. Mwaka 1993 Neil Jordan akachukua Oscar ya mswada wa filamu kwa The Crying Game. Mwaka huo huo bodi ikafufuliwa, waziri wa utamaduni akiwa Michael D. Higgins, aliyekuja kuwa Rais wa nchi. Leo chombo hicho kinaitwa Screen Ireland. Kijana aliyetaka kutayarisha filamu Dublin katikati ya miaka ya 90 alikuwa na mlango wa kugonga. Miaka mitano nyuma yake mlango huo ulikuwa umefungwa. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu watu hupenda kusifu kipaji peke yake, kana kwamba filamu huota zenyewe penye watu wenye vipaji.

Fedha zinatoka wapi, basi?

Hapa ndipo wasomaji wengi hupotea, nami nitakwenda taratibu. Filamu ya kujitegemea, yaani isiyolipiwa yote na studio kubwa, huwa na vyanzo vingi vidogo vidogo. Kuna fedha za taasisi ya taifa kama Screen Ireland. Kuna kituo cha televisheni kinachonunua haki ya kuionyesha kabla haijapigwa. Kuna wasambazaji wa nchi mbalimbali wanaolipa au kuahidi kulipa mapema wakiwa wameona mswada na majina ya waigizaji tu. Na kuna nafuu ya kodi.

Nafuu hii Ireland inajulikana kwa namba ya kifungu cha sheria, 481. Tuitazame kwa karibu. Kwa kiwango cha kawaida, kampuni ya mtayarishaji inaweza kurudishiwa na serikali hadi asilimia 32 ya matumizi yanayokubalika yaliyofanyika ndani ya Ireland. Matumizi hayo hayaruhusiwi kuzidi asilimia 80 ya gharama yote ya filamu, tena kuna kikomo cha jumla kilichowekwa na sheria, na lazima kwanza waziri atoe cheti kwamba kazi ina thamani ya kitamaduni au kiajira. Tuchukue mfano wa filamu yenye bajeti ya yuro milioni 10. Ikiwa milioni 6 zimetumika Ireland kulipa mafundi, hoteli, magari na waigizaji, kwa kiwango hicho marejesho yanaweza kufika yuro milioni 1.92. Kwa kuwa marejesho hayo yana uhakika, benki au mfadhili anaweza kuyakopesha mapema, na fedha ikapatikana wakati inapohitajika.

Wengine husema hii ni serikali kuwagawia bure watu wa sinema. Tuangalie vizuri. Kinachorudishwa ni sehemu ya fedha ambazo tayari zimetumika nchini, kwa seremala wa seti, dereva, fundi umeme na mama anayepikia watu mia moja saa kumi na moja alfajiri. Mtu anaweza kubishana kama asilimia 32 ni kubwa mno, na Ireland kwenyewe hubishana. Lakini kuiita sadaka ni kuficha jinsi inavyofanya kazi.

Kazi ya mtayarishaji ni kuvishona vipande hivyo viwe bajeti moja. Kila kipande kina masharti yake. Mmoja anataka mwigizaji fulani, mwingine anataka sehemu ya picha ipigwe nchini mwake, mwingine anasema atasaini tu wengine wakishasaini. Mmoja akijitoa wiki mbili kabla ya kuanza, jengo lote linatikisika. Ndiyo maana watu wa fani huogopa zaidi simu za wiki ya mwisho kuliko mvua siku ya kupiga picha.

Room: chumba kimoja, nchi mbili

Mfano mzuri kuliko yote ni Room, na nitakaa nao. Emma Donoghue, mwandishi aliyezaliwa Dublin na anayeishi Kanada, alitoa riwaya ya jina hilo mwaka 2010. Inasimuliwa na mtoto wa miaka mitano aliyezaliwa na kukulia ndani ya chumba kimoja, kwa sababu mama yake ametekwa na kufungiwa humo. Kitabu kilipata umaarufu mkubwa haraka, na watu wa sinema wakaanza kukinyemelea.

Hatua ya kwanza ilikuwa haki. Bila kibali cha mwandishi huwezi kutengeneza filamu ya kitabu chake hata kama una mabilioni. Abrahamson, ambaye wakati huo alikuwa na filamu ndogo zilizosifiwa kama Garage ya 2007 lakini hakuwa na jina Hollywood, alimwandikia Donoghue barua ndefu akimweleza jinsi anavyokielewa kitabu na jinsi angekigeuza kuwa filamu bila kukivunja. Studio zingeweza kulipa zaidi. Donoghue alitaka watu wasioigeuza hadithi ya mama na mtoto kuwa filamu ya kutisha, na mwishowe akawapa Element. Mswada aliuandika mwenyewe.

Hatua ya pili ilikuwa fedha, na hapa uraia wa mwandishi na wa mwongozaji ukawa na faida. Ireland na Kanada zina mkataba wa kutayarisha filamu kwa ubia. Filamu ikikidhi masharti ya mkataba huo inahesabiwa kuwa ya Ireland nchini Ireland na ya Kanada nchini Kanada, na hivyo inaweza kuomba fedha za umma pande zote mbili. Room ikapigwa Toronto na mafundi wengi wa huko, huku mwongozaji, mhariri Nathan Nugent na mtunzi wa muziki Stephen Rennicks wakiwa watu wa Ireland. Bajeti inatajwa kuwa dola milioni 13. Kwa Hollywood hizo ni pesa ndogo. Kwa filamu ambayo nusu yake iko ndani ya banda lisilozidi ukubwa wa chumba cha kulala, na iliyomtegemea mtoto, Jacob Tremblay, kubeba kila tukio, zilikuwa pesa za kuogopesha.

Chumba chenyewe kilijengwa studio kwa vipande vinavyoweza kuondolewa, ili kamera ipite ukutani au darini inapobidi huku lenzi ikibaki ndani, mtazamaji asitoroke kabla ya mtoto. Uamuzi huo ni wa mwongozaji. Lakini kupiga picha namna hiyo kunachukua muda, na muda ni fedha. Aliyepaswa kuhakikisha muda huo upo, na kuwaeleza wafadhili kwa nini siku nyingi kiasi hicho zitumike kwenye chumba kimoja, ni mtayarishaji. Mtu akiniuliza mtayarishaji mzuri anatambulikaje, hapa ndipo ninapomwelekeza: mwongozaji wake anapata muda mahali hadithi inapouhitaji.

Septemba 2015 Room ilishinda tuzo ya watazamaji kwenye tamasha la Toronto. Mwaka uliofuata iliwania Oscar nne, Brie Larson akachukua ya mwigizaji bora wa kike. Kwenye Filamu Bora jina lililoandikwa lilikuwa moja tu, la Ed Guiney, ingawa filamu ilikuwa na watayarishaji wengine. Hili nalo linahitaji maelezo. Kwa kuwa vyeo vya utayarishaji vimekuwa vikigawiwa ovyo, kwa wakala, kwa rafiki wa mfadhili, kwa yeyote anayedai, chama cha watayarishaji cha Marekani kilianza kuchunguza nani alifanya kazi kweli. Wanaopita huandikwa herufi ndogo p.g.a. baada ya majina yao, na Academy, taasisi inayotoa Oscar, nayo ina masharti makali kuhusu nani atajwe. Ukiona filamu yenye watayarishaji kumi na tano na watatu tu wanawania tuzo, sababu ndiyo hiyo.

Miaka ishirini ya mswada mmoja

Uongo mwingine ni kwamba filamu huanza siku kamera inapowashwa. The Favourite ya 2018 inaukanusha kabisa. Deborah Davis aliandika rasimu yake ya kwanza mwaka 1998, akisimulia habari za Malkia Anne wa Uingereza na wanawake wawili waliogombania nafasi ya karibu naye. Mtayarishaji Ceci Dempsey aliusoma mswada huo na hakuuacha. Kwa miaka mingi wenye fedha waliona haufai: wanawake watatu ndio wahusika wakuu, mapenzi yao yako waziwazi, na wanaume wako pembeni. Guiney alijiunga naye katikati ya safari hiyo ndefu, na ndipo akaletwa mwongozaji ambaye hakuna aliyemtegemea kwa hadithi ya kifalme ya Kiingereza, Mgiriki Yorgos Lanthimos. Mwandishi Tony McNamara akaingia kuufanyia mswada kazi upya.

Kabla ya hapo Guiney, Dempsey na Lee Magiday walikuwa wametayarisha The Lobster, filamu ya kwanza ya Lanthimos kwa Kiingereza, iliyopigwa kwenye hoteli moja katika kaunti ya Kerry, kusini-magharibi mwa Ireland. Ni hadithi ya watu wasio na wenza ambao wakishindwa kumpata mchumba kwa siku 45 hugeuzwa wanyama. Jaribu kumweleza meneja wa benki jambo hilo. Fedha zilikusanywa Ireland, Uingereza, Ugiriki, Ufaransa na Uholanzi, na mwaka 2015 filamu ikapata Tuzo ya Majaji kwenye tamasha la Cannes. Baada ya hapo, mtu aliyesema Lanthimos hawezi kuaminiwa na fedha alikuwa na hoja dhaifu. The Favourite ilipata uteuzi wa Oscar kumi, na Olivia Colman akashinda ya mwigizaji bora wa kike.

Hapa ndipo ninapoiona siri ya kazi ya Guiney, kama ni siri. Anakaa na watu. Abrahamson tangu ujana wao, Lanthimos tangu The Lobster. Mtayarishaji anayebadilisha waongozaji kila filamu huanza upya kujenga imani kila mara. Anayekaa nao hujua mapema mtu wake atakwama wapi.

Hela za mlangoni

Swali ninaloulizwa sana na vijana ni hili: filamu ikiingiza dola milioni 95, kama inavyosemwa kuhusu The Favourite, mtayarishaji anapata ngapi? Wengi hudhani anabaki na kila kilichozidi bajeti. Hapana. Takriban nusu ya fedha ya tiketi hubaki kwa wenye majumba ya sinema. Msambazaji huchukua kamisheni yake, kisha hujirudishia gharama za matangazo, ambazo wakati mwingine huikaribia bajeti ya filamu. Wakala wa mauzo wa kimataifa ana fungu lake. Wafadhili hurudishiwa kwa zamu iliyoandikwa kwenye mkataba. Kinachobaki, kama kipo, ndicho hugawanywa. Ndiyo maana watayarishaji wengi huishi kwa ada iliyomo ndani ya bajeti, na bajeti ikibana, ada hiyo ndiyo ya kwanza kuahirishwa.

Kwa sababu hiyo kampuni kama Element haikuweza kutegemea filamu tu. Ilisambaza filamu za wengine. Mwaka 2012 ilifungua upya sinema ya Light House, mtaa wa Smithfield mjini Dublin, iliyokuwa imefungwa mwaka mmoja nyuma. Mwaka 2018 ikafungua nyingine Galway, Pálás, iliyokuwa imesubiriwa kwa miaka mingi. Ile ya Galway ilifungwa 2025. Sinema za mtaani ni biashara ngumu hata ukiwa na Oscar kabatini.

Televisheni ikaja kuwa nguzo. Guiney alikuwa ameonja mapema: mwaka 2004 yeye na Paul Greengrass walitayarisha Omagh, filamu ya televisheni kuhusu familia za watu 29 waliouawa na bomu katika mji huo wa Ireland Kaskazini Agosti 1998, na ikapata BAFTA, tuzo ya filamu na televisheni ya Uingereza. Lakini Normal People ya 2020 ndiyo iliyoingia majumbani mwa watu. Ilitokana na riwaya ya Sally Rooney, sehemu 12 za nusu saa, Abrahamson akiongoza sita za mwanzo na Hettie Macdonald sita za mwisho. Ilitoka Aprili 2020, dunia ikiwa imefungiwa ndani kwa sababu ya korona, na ndani ya wiki moja ilikuwa imefunguliwa zaidi ya mara milioni 16 kwenye huduma ya BBC. Paul Mescal, kijana aliyekuwa anacheza jukwaani Dublin na hajawahi kuwa na nafasi kwenye televisheni, akawa nyota.

Kwenye televisheni mpangilio wa fedha ni tofauti. Kituo au jukwaa la mtandaoni huagiza kazi na kulipia sehemu kubwa, kwa hiyo mtayarishaji hazunguki na bakuli kwa muda mrefu. Anachopoteza ni umiliki: anayelipa zaidi hushika haki zaidi. Ndivyo ilivyo pia kwa filamu zinazolipiwa na studio. Poor Things ya 2023, ya Lanthimos, ilitolewa na Searchlight, tawi la Disney, na ikapigwa kwenye seti kubwa zilizojengwa Budapest. Ilishinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Venice, kisha Oscar nne. Safari hii waliowania Filamu Bora walikuwa Guiney, Lowe, Lanthimos na Emma Stone, mwigizaji mkuu. Ndiyo, mwigizaji anaweza kuwa mtayarishaji kweli, akishiriki maamuzi tangu mwanzo.

Mwaka 2022 kampuni ya Fremantle, iliyo chini ya kundi la RTL, ilinunua hisa nyingi za Element. Wapo waliosema huo ndio mwisho wa kujitegemea kwao. Uuzaji wa namna hii hubadilisha anayebeba hasara: filamu tatu zikianguka mfululizo, nyumba ya mtayarishaji haiuzwi. Hubadilisha pia anayeulizwa kabla ya fedha kubwa kutoka. Kama umebadilisha ladha, hilo linapimwa kwa kazi zenyewe. Tangu wakati huo Guiney na Lowe wametoa na Lanthimos Kinds of Kindness, iliyompa Jesse Plemons tuzo ya mwigizaji bora Cannes 2024, na Bugonia ya 2025, ambayo ni hadithi ya vijana wawili wanaomteka bosi wa kampuni wakiamini ametoka sayari nyingine.